Korogwe: Mji wa Wapita Njia na Mji wa Wanaosoma

  

Leo, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya katikati ya mji wa Korogwe: ilikotoka, ilivyohamahama, na nani anayeishikilia sasa. Neno langu ni moja, nalitanguliza ili tusipotezane njiani. Korogwe imejengwa kwa fedha za wapita njia, na kila mpita njia alipobadilisha njia, mji uliyumba. Wapo watu wengine wanaokuja kwetu kila mwaka, wakakaa, wakalala, wakala, wakajifunza. Hao ni wanachuo na wanafunzi. Mji huu haujawahi kukaa chini ukajipanga kwa ajili yao, na mimi naamini wakati wa kufanya hivyo umefika.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya reli, bonde hili la mto Pangani lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani, mji wa Pangani, ikipanda bara kuelekea Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Wasafiri wa karne ya 19 walikuta Wazigua wa hapa wamejenga vijiji juu ya visiwa katikati ya mto, kwa sababu nyakati zile za uvamizi na biashara ya watumwa, maji yalikuwa boma. Mwishoni mwa karne hiyo wakaja wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambao tayari walikuwa wameshika mizizi Magila kule Muheza, wakaweka kituo Korogwe. Walikuja na kanisa, na pamoja na kanisa wakaja na ubao na chaki. Naomba tulishike hilo, maana watu wengi wakieleza asili ya Korogwe huanza na garimoshi, wakasahau kwamba darasa lilifika kabla yake.

Garimoshi lenyewe lilichukua muda. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Hesabu mwenyewe: kutoka Tanga mpaka Korogwe, safari ambayo leo basi linaimaliza kwa saa chache, reli iliitafuta kwa miaka tisa. Lakini ilipofika, ikavuta kila kitu upande wake. Maduka yakasogea karibu na stesheni. Aliyekuwa na mahindi, mpunga au ndizi za kuuza akazishusha pale garimoshi linaposimama. Huo ndio uhamaji wa kwanza wa katikati ya mji wetu. Korogwe ya zamani ikabaki na jina lake, na mpaka leo tuna kata inayoitwa Old Korogwe, lakini fedha zikahamia Manundu, upande wa stesheni.

Kisha mkonge. Mwaka ule ule wa 1893, Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na iliyofika nchini ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga yote, na Hale, Ngombezi na Magunga yakawa majina ya mashamba kabla ya kuwa majina ya kata. Mashamba yalihitaji mikono, wakaja manamba: kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Ruanda na Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, na wazee wengi wanaotusikiliza jioni hii wana baba au babu aliyeletwa na SILABU na kupewa kipande. Ukikaa kijiweni Hale ukawasikiliza watu wanavyoongea, utasikia lafudhi za nchi nzima, na sababu ni hiyo.

Mkonge uliulisha mji kwa namna yake. Siku ya mshahara shambani ndiyo ilikuwa sikukuu ya muuza duka. Kanga, sukari, mafuta ya taa, baiskeli, vyote vilitoka siku hiyo. Baada ya hapo duka lilipumua mpaka mwezi uishe. Na neema hiyo ya mkonge nayo haikudumu. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani kama 230,000 za singa za mkonge, na hakuna nchi duniani iliyotushinda. Mwaka huohuo wa 1964 kituo cha umeme cha maji cha Hale kilianza kazi kikiwa na uwezo wa megawati 21. Ulikuwa mwaka wa fahari kubwa kwa wilaya hii. Lakini kamba za plastiki zilikuwa zimeshaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa tani elfu ishirini na kitu tu. Punguza mara kumi, ndugu msikilizaji. Kila tani iliyopotea iliondoka na mshahara wa mtu aliyekuwa mteja wa dukani Manundu.

Reli nayo ikachoka. Mwaka 1963 tawi lilijengwa kutoka Ruvu mpaka Mruazi, likaunganisha reli yetu na Reli ya Kati, na kwa miaka mingi mtu aliweza kupanda treni Dar es Salaam akashukia Korogwe. Miaka ya 1990 treni za abiria zikasimama. Zikarudi Desemba 2019, na tulifurahi, lakini kwa robo karne ile yote mji haukuweza kukaa ukisubiri honi.

Mji ulimgeukia nani? Uligeukia basi. Barabara kuu ya lami ya kwenda Moshi na Arusha inapita kwetu, na basi linaposimama biashara inaamka. Mmewaona vijana wetu. Basi halijatulia, kijana ameshafika dirishani: machungwa kwenye wavu, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kipande cha gazeti, maji baridi, korosho. Anauza huku anakimbia, chenji anaihesabu huku anakimbia, konda anapiga bodi, gari limeondoka. Nawaheshimu sana vijana hawa. Ni wajasiri, wanalisha familia. Lakini tuwe wakweli: mteja wao ana dakika tano. Hatauliza jina la mtaa wala hatapanga chumba. Hatashona nguo kwa fundi wetu, na mtoto wake hatamwandikisha shule yetu. Siku kampuni ya basi ikiamua abiria wale mji mwingine, au serikali ikijenga barabara ya mchepuko, kijana yule na wavu wake wa machungwa atakosa pa kusimama.

Hapo ndipo nataka tumtazame mteja wa aina nyingine.

Korogwe ina Chuo cha Ualimu. Ina shule ya sekondari ya wasichana inayojulikana nchi nzima. Ina hospitali ya Magunga, na pamoja nayo kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jirani zetu nao wamo: Handeni kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, aina ya vyuo vilivyoanza nchini mwaka 1975, na kule juu Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Sisi wa bonde hili tumezoea kuhesabu utajiri kwa mkonge na machungwa. Hizi taasisi hatuzihesabu, labda kwa kuwa hazipigi honi.

Chukua chuo cha ualimu. Historia ya vyuo hivi ni historia ya maamuzi ya taifa. Novemba 1974, kule Musoma, chama tawala cha TANU kiliazimia kila mtoto aingie darasa la kwanza ifikapo mwaka 1977. Watoto wakajaa, walimu hawakutosha, vyuo vikafurika. Mwaka 2002 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ya shule ya msingi ikiwa imefutwa, madarasa yakajaa tena. Mwaka 2004 ukaja mpango wa elimu ya sekondari, MMES, na shule za kata, na mwaka 2016 elimu bila malipo ikapanda mpaka kidato cha nne. Kila mara taifa liliposema "watoto waende shule", maana yake ilikuwa kwamba kijana mwenye begi na godoro atashuka stendi ya Korogwe akiuliza njia ya chuoni.

Huyo kijana anaufanyia nini mji? Mfuateni wiki moja kabla ya mazoezi ya kufundisha, ile BTP kama wanavyoiita wenyewe. Anaingia steshenari. Anataka karatasi za manila, rangi mbili au tatu, maka peni nyeusi na nyekundu, gundi, mkasi. Anataka kuchapisha azimio la kazi na kutoa kopi za andalio la somo. Anauliza kwa fundi seremala vipande vya mbao, na kwa mama lishe vizibo vya soda vya kufundishia kuhesabu. Halafu anakwenda kwa fundi cherehani, maana suruali ya kusimamia mbele ya darasa sharti iwe na mikunjo inayoeleweka. Jioni anarudi kwa kinyozi. Fedha yake ni ndogo, naijua hali ya wanachuo, lakini imepita mikono sita au saba ndani ya mji kabla haijatoka. Na mwakani atakuja mwingine mwenye mahitaji yaleyale.

Kisha anapanda gari, anakwenda kufundisha. Pengine anapangiwa Hale, pengine Mnyuzi, pengine Bungu milimani. Wazazi wa Hale mnawajua hawa walimu wa mazoezi. Anakuja na chati zake za manila, anazibandika ukutani, mtoto wako wa darasa la tatu anarudi nyumbani anasema leo tumejifunza sehemu za mmea na mwalimu ameleta mche wa muhogo darasani. Mwalimu yule anapanga chumba kwa mama mmoja pale kijijini, ananunua mboga kwa mwingine, siku ya gulio anashuka sokoni kama sisi sote. Hivyo chuo cha Korogwe mkono wake unafika mpaka Hale, na sisi watu wa Hale tuna haki ya kukiita chetu.

Kuna pia faida nyingine ambayo haiingii mfukoni moja kwa moja. Mji wenye watu wanaosoma hufanya mambo ambayo mji wa wapita njia hauyawezi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 yalifanyika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Vituo vilikuwa kumi na moja katika nchi saba za Afrika, na watoto walioshiriki walizidi elfu kumi na tano. Tanzania ilikuwa na vituo viwili: Bagamoyo na Korogwe. Akina mama wa vijiji vyetu walibeba watoto wao mgongoni wakawapeleka kliniki, vijana wetu wakafanya kazi maabara na kutembelea kaya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Jina la Korogwe limeandikwa kwenye historia ya afya ya dunia. Ni watoto wangapi wa shule hapa mjini wanalijua hilo? Jambo hili lilistahili ubao mkubwa pale stendi, kila abiria ausome.

Sasa tuangalie wenzetu. Morogoro nayo ilikuwa stesheni. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1907, mkonge ukazunguka mji kama hapa kwetu. Mwaka 1965 ukaanzishwa chuo cha kilimo chini ya Milima ya Uluguru, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikapewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki ajalini mkoani humohumo mwezi Aprili. Nje kidogo ya mji kuna Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Mkonge uliposhuka Morogoro iliumia, viwanda vilipofungwa iliumia tena, lakini mji ulikuwa na mguu mwingine wa kusimamia. Wanafunzi walikuja mwaka ule na mwaka uliofuata. Nyumba zikaendelea kujengwa, vyumba vikaendelea kupangishwa.

Dodoma inatufundisha somo jingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007, kilijengwa kule Chimwaga, mbali na katikati ya mji. Biashara ya wanachuo haikusubiri mji uifuate. Ilizaliwa hukohuko jirani na chuo, Ng'ong'ona na vitongoji vya karibu. Maana yake ni kwamba wanachuo wenyewe hutengeneza mjini kati mpya pale walipo, na mji ambao haukujipanga huziona fedha zao zikizungukia pembeni.

Na sisi tujipange vipi? Nina mambo manne, nayasema kwa heshima kwa Halmashauri ya Mji na ya Wilaya, kwa wenye nyumba, na kwa wafanyabiashara.

Kwanza, kutembea. Mwanachuo hana gari, na bodaboda kila siku ni gharama. Njia zinazotoka vyuoni, shuleni na Magunga kuja sokoni na stendi ziwe na ukingo salama wa waenda kwa miguu, mitaro iliyofunikwa na taa. Binti anayetoka kujisomea saa mbili usiku afike anakolala bila kumwomba mtu amsindikize. Taa ya barabarani humlinda binti huyo, na kwa mwenye kibanda cha chipsi huongeza saa tatu za biashara.

Pili, nyumba. Wenye nyumba wenzangu, tuliangalie suala la kodi. Kumdai mwanachuo kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati baba yake anauza mahindi kwa debe, ni kumfukuza. Mpokeeni kwa mwezi, au kwa muhula. Mteja anayelipa kidogokidogo miaka miwili ana faida kuliko chumba kilichofungwa kufuli kikisubiri mwenye fedha nyingi.

Tatu, mahali pa kukaa na kusoma. Mji wetu una baa nyingi na meza za pool nyingi. Wanafunzi wanahitaji maktaba inayokaa wazi jioni, intaneti ya bei wanayoimudu, na ukumbi ambapo walimu wetu wastaafu na watafiti wa NIMR wanaweza kuja kuzungumza na wananchi kwa Kiswahili chetu. Mtaa mmoja tu wa katikati ya mji ukitengwa kwa steshenari, wachapishaji, wauza vitabu na mafundi kompyuta, watu wataufuata kutoka Muheza mpaka Same.

Nne, na hili nalisema nikiwatazama nyumbani Hale. Hale tuna mitambo ya umeme tangu mwaka 1964. Chini yetu kidogo kuna kituo kipya cha umeme cha Pangani Falls cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995. Shamba letu la mkonge ndilo lililojengewa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kwa mabaki ya mkonge, wa kwanza wa aina yake duniani. Kijana wa kusomea ufundi umeme, mitambo ya maji au nishati ya mabaki ya mashamba apelekwe wapi kujifunza, kama si hapa? Tuombe, na tusichoke kuomba, mafunzo ya ufundi ya namna hiyo yafanyikie Hale, hata kama yataanza kwa madarasa mawili na karakana moja. Umeme wa Hale umewasha taa za watu wengi mbali na hapa kwa zaidi ya nusu karne. Ni haki uwaangazie na watoto wa Hale darasani.

Najua atakayenijibu. Atasema vyuo navyo hutetereka. Ni kweli. Serikali ilipopunguza kuajiri walimu miaka ya karibuni, vijana wengi walikaa nyumbani na vyeti vyao, na wengine wakajiuliza kama ualimu una faida tena. Siufichi ukweli huo. Lakini angalieni tofauti. Shamba la mkonge likifa, linabakiza magofu ya korona, ile mashine ya kusindika mkonge, na bwalo. Chuo kikipata miaka migumu, walimu waliokwisha kupita pale bado wapo madarasani, Korogwe, Kilindi, Handeni na nchi nzima, wakifundisha watoto watakaohitaji walimu wengine. Hitaji la elimu halina bei ya soko la dunia inayoweza kuliporomosha kwa siku moja.

Ndiyo maana, ndugu msikilizaji, nasema tusiendelee kumpangia mji mtu wa dakika tano peke yake. Abiria tumkaribishe, tumuuzie machungwa matamu, tumtakie safari njema. Lakini mitaa, taa, nyumba na maktaba tuvijenge kwa ajili ya yule anayeshuka na godoro lake. Mikutano mikuu ya vijiji na mitaa iko wazi kwa wakazi wake. Mkutano ujao nenda, nyoosha mkono, uliza njia ya chuo imetengewa shilingi ngapi, na usikae chini mpaka ujibiwe.